Sindano ya binti, siki ya mama

Katikati ya Aprili 2024, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni hapa Uyole, Mbeya, binti wa jirani yangu alirudi kutoka shule na taarifa: wiki ijayo manesi watakuja, wasichana wote wa miaka 9 hadi 14 watachomwa sindano ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Mama yake alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi. Akaweka kisu chini. "Mtoto wa darasa la nne na kansa ya kizazi, wapi na wapi?"

Swali lilitembea mtaani, na Jumapili likafika kwenye kikoba chetu kabla hata hatujaanza kuhesabu hisa. Mmoja akasema serikali imeshaamua, yameisha. Mwingine akasema wazungu wana lao jambo. Wa tatu alikuwa na video ya WhatsApp: sindano hiyo inafunga kizazi. Tulibishana mpaka jioni, na swali la jirani yangu likabaki palepale, halijajibiwa. Kwa nini mtoto? Ugonjwa tunaouona unawapata mama zetu na shangazi zetu, watu wenye wajukuu.

Nimelizungukia swali hilo tangu siku ile, kwa kusoma na kwa kuwasumbua wauguzi wenye subira. Naona jibu lake lipo kwenye kalenda kuliko kwenye dawa. Kansa hii hutembea polepole mno, na mtu akishaujua mwendo wake, umri wa mtoto hauwezi tena kumshangaza.

Tuanze na chanzo, kwa sababu hapa tuna bahati ambayo wagonjwa wa kansa nyingine wengi hawana: chanzo kinajulikana. Mwaka 1983 mtafiti Mjerumani, Harald zur Hausen, aligundua kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata akaipata aina ya 18. Wenzake wengi wakati huo waliamini mkosaji ni kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, na walimwona anapoteza muda. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo inajulikana kwamba karibu kansa zote za mlango wa kizazi huanzia kwa HPV, na aina hizo mbili peke yake zinabeba takribani 70%.

HPV yenyewe ni ukoo mkubwa, una zaidi ya aina 200. Nyingine huotesha chunjua tu kwenye vidole vya watoto. Zile zinazohusika na kansa huambukizwa ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, ndiyo maana kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Na ni kirusi cha watu wote. Wengi wetu tulioingia kwenye mapenzi, wanaume kwa wanawake, tumewahi kukutana nacho, hatukujua, kisha mwili ukakifukuza bila kutuambia. Katika maambukizi 10, karibu 9 huisha yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hakiwashi, hakinuki, hakileti homa.

Hapa nisimame kidogo, maana pana jambo linaloumiza watu bure. Mwanamke akiambiwa amekutwa na HPV, hiyo siyo hati ya mashtaka. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka mingi, kikatoka kwenye uhusiano uliokwisha kabla ya ndoa hii kuanza, na hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Najua nyumba moja ambayo karatasi ya maabara ilikaribia kuvunja ndoa ya miaka 18, kwa sababu tu aliyeitoa hakuwa na dakika mbili za kueleza haya.

Sasa yule mmoja katika kumi. Kwake kirusi hakiondoki. Kinapenda sehemu ya mlango wa kizazi ambapo ngozi za aina mbili zinakutana, ile nene ya nje na ile laini ya ndani. Hapo kinajificha ndani ya seli za chini kabisa na kutengeneza protini mbili, wataalamu wanaziita E6 na E7, ambazo kazi yake ni kuharibu breki. Kila seli ya mwili ina breki zinazoizuia kugawanyika ovyo. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo anajua umuhimu wa breki. Tofauti ni kwamba seli iliyokatika breki haipinduki palepale. Kwanza inabadilika kidogo, halafu jirani zake, halafu kunakuwa na kidoa. Kidoa hicho bado siyo kansa, na kinaweza kurudi nyuma chenyewe. Kisiporudi, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri safari kutoka maambukizi hadi kansa huchukua miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Piga hesabu kinyumenyume. Mama aliyegundulika akiwa na miaka 42 pengine alikipata kirusi akiwa na 22. Ukitaka kumkinga, umtafute kabla ya hapo.

Jirani yangu analima viazi upande wa Umalila, na nilipofika hapa alinikatiza. "Kumbe ni kama dawa ya ukungu." Ni hivyo hasa, na mfano wake umenisaidia kuwaelewesha wengi kuliko vipeperushi vyote nilivyowahi kuviona. Kila mkulima wa viazi wa nyanda hizi anajua kwamba dawa ya kinga hupigwa majani yakiwa bado mabichi na mazima, kabla ukungu haujashuka. Ukisubiri mpaka shamba lianze kunuka, dawa ya kinga unaimwaga tu. Chanjo ya HPV inafanya kazi vivyo hivyo. Inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazokikamata kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia, chanjo haina mkono wa kukifuata humo ndani. Kwa hiyo inachomwa kwa msichana ambaye bado hajakutana nacho, na pia kwa sababu mwili wa umri huo unajifunza vizuri kuliko wa mtu mzima. Hakuna anayesema mtoto wa darasa la nne ana mchumba. Chanjo ya surua nayo hatungoji surua ifike mtaani.

Ndani ya kichupa kuna nini? Ganda. Wanasayansi walitengeneza ganda la nje la kirusi bila chochote ndani, kama ganda la karanga lisilo na punje. Halina vinasaba, haliwezi kuzaliana, haliwezi kumwambukiza mtoto wala kugeuza seli zake. Mwili unaliona, unaikariri sura yake, basi.

Suala lililozua kelele zaidi kwenye kikao chetu lilikuwa idadi ya sindano. Mama mmoja mwenye binti mkubwa alisema: "Wangu mwaka 2019 alichomwa mbili. Hawa wanachomwa moja. Tumepunjwa?" Nilipenda hilo swali kuliko ya video.

Tanzania ilianzia mkoa wa Kilimanjaro kwa majaribio mwaka 2014. Aprili 2018 chanjo ikazinduliwa nchi nzima, na aliyeizindua alikuwa Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan. Ilitolewa kwa wasichana wa miaka 14 peke yao, dozi mbili zilizopishana miezi sita. Umri mmoja ulichaguliwa kwa sababu chanjo zilikuwa haba duniani kote. Kabla ya hapo, huko Costa Rica, watafiti walikuwa na tatizo ambalo baadaye lilikuja kuwa zawadi. Walipanga kuwachoma wanawake dozi tatu, lakini baadhi waliishia kwenye moja kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito. Miaka ikapita, hata baada ya kumi, wale wa dozi moja bado walikuwa wamekingwa. Kenya wakafanya utafiti rasmi kwa wanawake vijana: dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya 97% katika miezi 18 ya kwanza. Na hapa kwetu, Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi ya dozi moja, mbili na tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote wa dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16.

Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja Desemba 2022, na Aprili 2024 Tanzania ikaifuata kwa kampeni ile iliyomfanya jirani yangu aache kumenya viazi. Hakuna aliyepunjwa. Kilichopungua ni sindano ambayo haikuhitajika, na chupa zilizookolewa zimefikia wasichana wa umri wa miaka 9, 10, 11, ambao zamani wangesubiri. Pana watu wa kutengwa na kanuni hii, na wasisahaulike: msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi. Kwake Shirika la Afya Duniani linataka dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu. Mama wa binti kama huyo aliulize jambo hili CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi hivyo, faragha, asitegemee foleni ya shuleni.

Sasa video. Sitaki kuwacheka walioiamini. Chanjo inayotolewa kwa wasichana tu, wakiwa wadogo, na jina lake lina neno "kizazi" ndani yake, ingekuwa ajabu isizue maneno. Nadhani waliotutangazia walikosea kwa kutulia juu ya hilo la "wasichana tu" bila kulieleza. Wavulana nao hubeba HPV na hupata madhara yake, na nchi zenye uwezo huwachanja: Australia tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Kwetu, chanjo zikiwa chache, anatangulizwa yule ambaye kirusi humuua zaidi.

Kuhusu kufunga kizazi, Australia ilianza kuchanja wasichana mwaka 2007 na Rwanda, ya kwanza Afrika kwa mpango wa nchi nzima, mwaka 2011. Mabinti wale wamekuwa wanawake, na kote ambako wamefuatiliwa hakuna kilichoonyesha kwamba chanjo inagusa uwezo wa kuzaa. Kilichopungua ni kitu kingine. Huko England, miongoni mwa waliopewa chanjo wakiwa na miaka 12 na 13, kansa ya mlango wa kizazi imeshuka kwa 87%. Na ukweli ambao video haikuutaja ni kwamba kinachong'oa kizazi ni kansa yenyewe. Mwanamke akikutwa nayo, matibabu yake mara nyingi ni kuondolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi inayoziua ovari.

Maudhi ya sindano yapo. Mkono unauma, unaweza kuvimba kidogo, homa ndogo, kichwa. Wasichana wengine huzimia, zaidi kwa woga wa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae dakika 15 kabla ya kuondoka. Mpe uji kwanza. Yule wa jirani yangu alichomwa Jumanne, na kwa siku mbili mkono ulimuuma sana ilipofika zamu yake ya kuchota maji, ingawa haukumuuma wakati wa kuruka kamba.

Hapo tungeweza kufunga kikao. Lakini ilipofika zamu ya mweka hazina kusoma madeni, bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Na sisi je? Hiyo ya kwetu iko wapi?"

Swali hilo lilinigusa mahali. Mama yangu mdogo aliishi Makambako. Alikuwa ameshakoma hedhi, kisha akaanza kutoka damu, kidogo, hasa baada ya kukutana na mumewe. Alienda zahanati moja, akapewa dawa ya fangasi. Akarudi, akapewa dawa ya UTI. Akarudi tena, akaongezewa. Mara zote tatu hakuna aliyempandisha kitandani akamtazama. Alipofika hospitali ya wilaya na kutazamwa, ugonjwa ulishavuka mlango wa kizazi na kushika nyonga. Akaandikiwa rufaa ya mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam: basi la usiku, chumba cha kupanga, wiki baada ya wiki, mwanawe mkubwa ameacha duka. Tulimzika mwaka 2016. Kila mwaka Watanzania zaidi ya 10,000 hugundulika na kansa hii, na zaidi ya 6,000 hufa. Wengi wao wana hadithi ya aina hii.

Kwa hiyo tuseme wazi: damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa, maumivu ya nyonga yasiyoeleweka, ni dalili za kutazamwa kwa macho, kitandani, na si za kupewa vidonge dirishani. Lakini hata hivyo, ukisubiri dalili umeshachelewa kidogo. Kile kidoa nilichokieleza, katika miaka yake yote, hakiumi wala hakitoi damu. Namna ya kukiona ni kukitafuta.

Kinatafutwa kwa siki. Ndiyo, asidi ileile ya kachumbari, imezimuliwa hadi 3% mpaka 5%. Mwanamke analala chali, magoti juu, nesi anaingiza kifaa cha kufungulia uke na kumulika taa. Anapaka siki kwenye mlango wa kizazi kwa pamba na kusubiri kama dakika moja. Seli za kawaida hubaki na rangi yake ya waridi. Zile zilizobadilika, kwa kuwa zimejaa protini nyingi, hugeuka nyeupe, kama yai linavyobadilika likiguswa na moto. Anaona papo hapo, na mgonjwa anapewa jibu kabla hajashuka kitandani. Penye weupe mdogo, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo: huunguzwa kwa kifaa chenye joto au hugandishwa kwa gesi baridi sana, kazi ya dakika chache. Weupe ukiwa mkubwa au ukiwa na sura mbaya, unaandikiwa rufaa. Pana pia kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti bila kutazamwa na mtu, na kinanasa mengi zaidi, ila bado hakijafika kila kituo.

Kwa mwanamke wa kawaida uchunguzi huu huanzia umri wa miaka 30. Kwa anayeishi na VVU, mapema zaidi na mara kwa mara zaidi, kwa sababu uwezekano wake wa kupata kansa hii ni mara sita ya mwenzake. Na hapa nyanda za juu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni 12.7% Njombe, 11.1% Iringa na 9.6% Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4%. Mikoa yetu mitatu ndiyo iliyo juu kabisa. Mwanamke anayechukua dawa zake kila mwezi bila kukosa anaweza kuishi miaka mingi Ukimwi usimuue, kisha akafa kwa kidoa ambacho hakuna aliyekitazama. Ukienda kliniki, usingoje waanze wao. Uliza.

Na binti aliyechanjwa, akifika miaka 30, naye atatazamwa. Chanjo haifuniki kila aina.

Tulienda saba, Alhamisi, kituo cha afya, kila mmoja na kanga mbili kama tulivyoelekezwa. Nitasema tu kwamba kifaa ni cha baridi, siki inachonyota kidogo, na dari ya chumba kile ina mabati 12. Sita tulitoka na jibu la kurudi baada ya miaka mitatu. Jirani yangu, yule wa viazi, na ameniruhusu niseme, alikutwa na weupe. Akatibiwa palepale. Nesi akamweleza atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, avae pedi, asishtuke, na asikutane na mumewe kwa mwezi mzima mpaka kidonda kikauke.

Akavaa kanga yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Nesi, mwanangu, hilo la mwezi mzima niandikie kwenye karatasi na ulipige muhuri. Mzee wangu hataniamini."